Mama Vichupa na Mshipa wa Kulia

Nyumbani kwa Mama Vichupa hata chumvi ilikuwa na lebo. Juu ya kopo aliandika tarehe ya kufunguliwa, saa, na jina la aliyelifungua, na mumewe, mwalimu wa hesabu aliyejaliwa subira, alikuwa amezoea kuhojiwa kwa nini sukari iliyofunguliwa Jumatatu asubuhi imefika nusu siku ya Alhamisi. Watoto walipokuwa wadogo walidhani kila mama duniani ananing'iniza kalamu ya wino usiofutika shingoni. Walipokua wakagundua kwamba ni wao tu, wakaoa na kuolewa mapema.

Kazini alikuwa na miaka ishirini na miwili. Maabara ya hospitali ile kubwa ilikuwa chumba kirefu chenye dirisha moja lisilofunguka na mashine nne: tatu zilipima, na ya nne ilibeba birika la chai. Jina lake halisi lilikuwa kwenye beji, ila beji iligeuka upande wa nyuma zamani na hakuna aliyejali kuigeuza. Aliitwa Mama Vichupa kwa sababu ya vichupa vya damu, ambavyo alivipanga, akavipangusa, na alipodhani yuko peke yake akavisemesha. "Wewe umekuja bila jina," angekiambia kimoja, "hivi mama yako ni nani?"

Alijiona mtu wa mwisho mkweli katika jengo lile, na maoni hayo hakuyaficha. Kwake yeye wauguzi waliandika ovyo, madaktari hawakuandika kabisa, na wale wa mapokezi walikuwa na kipaji cha kumpa mgonjwa mmoja majina ya watu wawili. Kichupa chenye lebo iliyopinda alikirudisha kilikotoka, hata kama mgonjwa alichomwa sindano mara tatu ndipo damu ikapatikana. Watu wakamchukia, na yeye akaichukua chuki hiyo kuwa cheti.

Ghorofa ya juu yake alitawala Bingwa. Alikuwa daktari bingwa wa kupitisha mipira myembamba ndani ya mishipa ya watu, na ubingwa huo alitembea nao hadi dukani kununua kiberiti. Tusimwonee: mikono yake ilikuwa myepesi kweli, na wengi walikuwa hai kwa sababu yake. Tatizo ni kwamba alishaambiwa hivyo mara nyingi mno.

Kazi iliyompa sifa kuliko zote ilikuwa ya kuchukua damu kwenye tezi za juu ya figo. Kila mtu anazo mbili, moja kushoto na moja kulia, ndogo tu, nazo humwaga homoni kwenye damu. Mara nyingine moja hupandwa na wazimu ikamwaga homoni iitwayo aldosteroni kupita kiasi. Hapo mwili hushikilia chumvi, presha hupanda na kugoma kushuka, madini ya potasiamu huvuja kwenye mkojo, na misuli hukaza bila taarifa. Ikijulikana kwamba mkosaji ni tezi moja, hukatwa, na mgonjwa hupona. Wakosaji wakiwa ni zote mbili, hakuna kukata, ni vidonge.

Sasa utajuaje ni ipi? Picha haitoshi, kwa kuwa tezi inaweza kuota kivimbe ikawa haina hatia yoyote, na jirani yake isiyo na doa ndiyo inayofanya fujo. Lazima uingie kinenani, ukwee mshipa mkuu hadi juu ya figo, unyonye damu ya kila tezi mlangoni pake, kisha ulinganishe. Mshipa wa kushoto ni mrefu na mpole. Wa kulia ni mfupi kama kipisi cha kiberiti, umejificha nyuma ya mshipa mkuu karibu na ini, na madaktari wengi wenye majina makubwa wamebisha hodi huko wakafunguliwa mlango wa jirani.

Bingwa hakuwa na habari ya jirani. Katika chumba chake kulikuwa na desturi. Alipoamini mpira umefika, alisema kwa sauti, "Nimo!" Wote waliokuwapo wakaitikia, "Umo!" na kupiga makofi, na Sista aliyemshikia vichupa akaandika upande kwenye lebo palepale. Damu ikawa ya kulia kwa sababu Bingwa kasema ni ya kulia.

Ndipo akaja Kinyozi.

Kinyozi alikuwa na miaka thelathini na minane, mdomo usiopumzika, na kibanda cha kunyolea mkabala na lango la hospitali. Presha yake ilikuwa inakunywa dawa nne kwa siku na kuomba ya tano. Lakini kilichomleta si presha. Asubuhi moja alikuwa na wembe chini ya kidevu cha mteja, mkono ukakaza. Vidole vikafungana juu ya mpini, havifunguki, havisogei mbele wala nyuma. Mteja alikaa dakika nne bila kumeza mate. Habari hiyo ilizunguka mtaa mzima kabla ya saa sita, na tangu siku hiyo wateja walianza kufuga ndevu.

Picha ya skani ikaonyesha kivimbe kwenye tezi ya kushoto. Bingwa alikitazama mara moja akasema, "Kushoto," na upasuaji ukapangiwa Alhamisi. Kilichobaki ni kuchukua damu Jumatatu kwa ajili ya kutimiza utaratibu, na wageni watatu, madaktari kutoka hospitali nyingine, walialikwa waje wajionee.

Bahati mbaya ya Bingwa ni kwamba Sista aliteleza bafuni Jumapili akateguka kifundo cha mguu. Akaitwa Mama Vichupa apande juu kushika vichupa. Hakuwahi kuingia chumba kile hata siku moja. Kwake damu ilifika tu ikiwa tayari na jina. Kwa hiyo alifanya jambo ambalo hakuna mtu mwingine katika jengo lile angelifanya: aliuomba mwongozo wa kazi hiyo akausoma wote, kurasa kumi na nne, pamoja na maelezo ya chini. Huyu ni mtu aliyewahi kusoma maandishi ya kiberiti pande zote mbili kabla ya kuwasha jiko.

Chumba kilikuwa na baridi ya kutunzia nyama. Wote walivaa aproni nzito za kuzuia mionzi, na Mama Vichupa, aliyekuwa mfupi, aproni ilimfika vifundoni. Kinyozi alilazwa chali juu ya meza nyembamba, amefunikwa kitambaa cha kijani kila mahali isipokuwa uso na kipande cha kinena.

"Mama," akamnong'oneza, "tatizo liko juu ya figo, sasa huku chini mnatafuta nini?"

"Ndiyo njia yake. Tulia."

"Basi nyie mmesoma na fundi bomba wetu. Bafu likivuja, yeye anachimba jikoni."

"Mgonjwa asiongee," alisema Bingwa, ambaye hakupenda kuchekwa mbele ya wageni.

Kushoto kulikwenda vizuri. Mpira ulipanda, rangi ikapulizwa kidogo, mshipa ukajichora kwenye kioo cha mashine ya mionzi. "Nimo!" "Umo!" Makofi. Damu ilidondoka polepole kwenye kichupa, na Mama Vichupa akaandika KUSHOTO na saa, mwandiko umenyooka. Kulia kukawa na mambo. Bingwa aliusukuma mpira, akauvuta, akauzungusha. Dakika ishirini zikapita. Mgeni mmoja alihamisha uzito mguu hadi mguu, mwingine akatoa simu mfukoni akairudisha, na jasho likaanza kumtoka Bingwa chini ya kofia.

"Nimo!" akasema ghafla.

"Umo!" wakaitikia, na makofi safari hii yalikuwa ya watu wanaotaka kwenda kunywa chai.

Bingwa akavuta bomba la sindano. Damu ikajaa kwa muda wa kusema shikamoo. Mama Vichupa aliitazama. Mwongozo, ukurasa wa tisa, ulisema damu ya kulia hutoka tone kwa tone, na ikija kwa wingi ujue huko siko. Alifungua kinywa. Kila mtu alikuwa akimpongeza Bingwa. Akafunga kinywa, akaandika KULIA, kwa kuwa ndivyo alivyoambiwa.

Alipofika chini hakugusa aldosteroni kwanza. Alipima kotisoli. Hii ni homoni nyingine ambayo tezi zote mbili huimwaga, nzima na mbovu, na kwa hiyo damu iliyotoka kwenye tezi kweli lazima iwe nayo mara nyingi zaidi ya damu ya kawaida iliyochukuliwa mkononi. Mtu akikwambia ametoka kupikia kuni na nguo zake hazinuki moshi, unajua jikoni hakufika. Mashine ilinguruma dakika ishirini na tano. Mkono: kumi na moja. Kushoto: mia mbili na arobaini. Kulia: kumi na mbili.

"Haya," alikiambia kichupa, "kumbe wewe ni mkono uliosafiri."

Akapanda ngazi mbilimbili. Bingwa alikuwa kwenye chumba cha chai na wageni wake, kikombe mkononi, akieleza siri ya mafanikio.

"Daktari, samahani," alisema Mama Vichupa. "Kulia hatukufika."

Kikombe kilisimama njiani. "Dada wa maabara, unasemaje?"

"Kotisoli ya kulia ni kumi na mbili. Ya mkononi ni kumi na moja. Ile ni damu ya mshipa mkuu."

"Mimi niliona kwenye kioo."

"Kioo sijakipima, daktari. Nimepima damu."

Mgeni mmoja alikohoa ndani ya kikombe chake. Bingwa alitabasamu, akamshika Mama Vichupa kiwiko kwa upole mwingi, akamtoa hadi kwenye korido, akaufunga mlango. Tabasamu akaliacha ndani.

"Kwenye fomu ya majibu kuna nafasi ya kotisoli?"

"Hakuna. Uliiondoa wewe mwaka juzi, ukasema safu nyingi zinachosha macho."

"Na bado zinachosha. Aldosteroni ya kushoto imezidi ya kulia, ndiyo au siyo?"

"Ndiyo, lakini hiyo kulia siyo—"

"Kivimbe kiko kushoto, ndiyo au siyo?"

"Kiko."

"Basi tia saini, Alhamisi mtu akatibiwe. Usinivunjie heshima kwa tarakimu ambazo hakuna aliyekuomba."

"Sitii."

Bingwa alimtazama kama anamwona mara ya kwanza, na pengine ndivyo ilivyokuwa. "Umeshatia kumi na moja," akasema taratibu. "Wagonjwa kumi na mmoja kabla ya huyu, kwa fomu hiihii, na hukukohoa hata mara moja. Leo umepata wahyi gani?"

Mama Vichupa alizidisha hasira. Akageuka akaondoka akipiga visigino. Mpasuaji asingegusa mtu bila saini ya maabara, hilo alilijua, lakini alijua pia kwamba saini zipo nyingi na kalamu ziko nyingi zaidi. Alikuwa na siku tatu.

Akaenda wodini. Kinyozi alikuwa ameketi kitandani akimweleza mgonjwa wa pembeni, mzee mwenye mguu wa plasta, jinsi masharubu yake yanavyomzeesha.

"Kaka," alisema Mama Vichupa, "nina neno. Nisikilize mpaka mwisho ndipo uongee. Unaweza?"

"Naweza kujaribu."

Akamwambia yote. Kinyozi alinyamaza, na kwa wodi ile kilikuwa kitu kipya. Hata mzee wa plasta aligeuka kutazama.

"Kwa hiyo upande wa kulia hamuujui," alisema mwishowe.

"Hatuujui."

"Na wa kushoto mnataka kuukata."

"Wanataka."

"Mama, mimi mteja simnyoi upande mmoja nikamwambia wa pili nao bila shaka uko hivyohivyo." Akakunja vidole vya mkono wake wa kulia, akavikunjua. "Wakikata ile iliyo nzima, je?"

"Utabaki na mbovu peke yake. Presha palepale, mkono palepale. Halafu siku wakija kugundua, hiyo mbovu nayo haitolewi kirahisi, kwa kuwa mtu asiye na tezi hata moja anaishi kwa vidonge mpaka kufa kwake. Akikosa siku mbili tatu, anaanguka."

Kinyozi aliutazama mkono ule kwa muda. Alikuwa na mke, mapacha wa miaka minne, na ujuzi mmoja tu duniani, na ujuzi huo ulikaa kwenye vidole vitano. Mama Vichupa alimwonea huruma, akajifanya anasoma kadi ya kitandani.

"Mkuu wa hospitali hii," alisema Kinyozi, "mimi ndiye ninayemnyoa. Kila Jumamosi. Kichwa chake kina bonde nyuma ya sikio, mtu asiyelijua anamtoa damu."

Akachukua simu.

"Mzee, shikamoo. Hapana, siko kibandani, niko kwako hapa, wodi namba sita... Jumamosi sitaweza, mzee. Na nyingine sidhani... Harusi ya binti yako naijua, mzee, ndicho kinachoniuma. Ila mkono huu wakikosea kunitibu, wembe ndiyo basi tena... Nasikia kuna upande mmoja hawajaufikia. Yupo mama mmoja wa maabara, mfupi, mkali kidogo. Anajua."

Ndivyo sayansi ilivyoshinda katika hospitali ile. Tarakimu kumi na mbili haikuweza kupanda hata ghorofa moja kwa miguu yake. Ilibidi ibebwe juu ya kichwa chenye bonde, cha mzee mwenye harusi mwezi ujao asiyeamini wembe wa mtu mwingine. Jumatano asubuhi ikatoka karatasi yenye mhuri: zoezi lirudiwe, na majibu ya kotisoli yasubiriwe mgonjwa akiwa bado mezani.

Bingwa alikuja kanuna mpaka masikio. Wageni hawakuwapo. Kushoto alifika upesi kama kawaida. Kulia akahangaika kidogo, kisha akasema, "Nimo," na chumba kikaitikia nusunusu. Mama Vichupa akakipokea kichupa, akashuka nacho, akakaa mbele ya mashine amefumbata mikono. Baada ya dakika ishirini na tano akapanda.

"Kumi na tatu. Bado."

"Haiwezekani."

"Daktari," alisema Kinyozi kutoka chini ya kitambaa, "mimi sina haraka. Kibanda kimefungwa."

Mara ya pili Bingwa alisema "nimo" kwa sauti ya kawaida, na hakuna aliyepiga makofi. Mama Vichupa alishuka, akasubiri, akapanda akihema, kwa maana magoti ya miaka hamsini na tatu hayakutengenezwa kwa utafiti. "Kumi na moja," akasema. Alitaka kuongeza neno la kuchoma, alikuwa nalo tayari ulimini. Lakini alimwona Bingwa kavua kofia, nywele zimelowa, amekikodolea kioo macho, na kwa mara ya kwanza alionekana kama mtu anayetafuta kitu badala ya mtu anayeonyesha. Akalimeza.

Bingwa aliagiza mpira mwingine, wenye ncha iliyopinda kwa namna tofauti. Aliuingiza polepole, akaupapasisha ukuta wa nyuma wa mshipa mkuu, juu kidogo, chini kidogo. Hakusema lolote. Alipuliza rangi tone moja tu, kwa sababu ukisukuma kwa nguvu tezi inaweza kupasuka, na kwenye kioo kikajichora kitu chembamba kama mguu wa buibui. Akasubiri. Tone la damu likaja. Akasubiri tena, likaja la pili. Ilichukua dakika tisa kujaza robo ya kichupa, na muda wote huo hata Kinyozi alifunga mdomo.

"Mia tatu na kumi," alisema Mama Vichupa aliporudi. "Umo, daktari."

Jioni ile yakatoka na majibu ya aldosteroni. Tezi ya kushoto, yenye kivimbe, ilikuwa imelala usingizi, haina kosa lolote. Ya kulia, safi kwenye picha, ndiyo iliyokuwa ikimwaga aldosteroni kama mtu asiyelipia maji. Alhamisi hakukatwa mtu. Wiki iliyofuata walimtoa Kinyozi ya kulia, na mwezi haujaisha alikuwa kibandani kwake na kidonge kimoja cha presha badala ya vinne, akimnyoa mkuu wa hospitali kwa ajili ya harusi na kumsimulia kila mteja jinsi alivyowaelekeza madaktari.

Bingwa naye hakukaa kimya. Aliandaa mhadhara kwenye ukumbi wa ghorofa ya chini, akaupa jina "Mbinu Yangu ya Kusubiri". Alieleza kwa nini daktari makini haamini kioo, huamini kotisoli. Safu ilirudi kwenye fomu, na chini yake pakaandikwa imebuniwa na nani. Picha ikapigwa kwa ajili ya ubao wa matangazo: Bingwa katikati, Mpasuaji kulia, Sista na gongo lake kushoto, na ukingoni kabisa bega moja lenye koti jeupe. Mama Vichupa alilitambua bega lake.

Alirudi nyumbani na hasira tamu. Mumewe alikuwa mezani akisahihisha madaftari ya wanafunzi, na Mama Vichupa alimsimulia yote amesimama, akiigiza sauti ya Bingwa, akiigiza hata kofia. Alisimulia vizuri. Mwalimu alicheka mahali pa kucheka, kalamu nyekundu mkononi.

"Na wale kumi na mmoja?" akauliza.

"Wale gani?"

"Si umesema alikwambia ulishatia saini kumi na moja."

"Alisema tu kuninyamazisha."

"Sawa." Mwalimu alipiga alama ya kosa kwenye daftari moja. "Mimi mwanafunzi akikosea swali la kumi na mbili, huwa narudi nyuma kuangalia yale mengine. Njia mbovu haianzi kwenye swali la kumi na mbili, mke wangu."

Mama Vichupa alimwambia asahihishe madaftari yake.

Kesho yake aliwahi maabara kabla ya wenzake, akavuta kabati la chini, akatoa rejista kubwa ya mashine. Fomu ya Bingwa iliitupa kotisoli, lakini mashine ilikuwa ikiipima muda wote, na kila ilipoipima, mtu fulani aliinakili kwenye rejista, kwa kuwa mtu huyo hawezi kuona tarakimu akaiacha bila kuiandika. Zilikuwa zimepangwa kwa rula. Mkono tisa, kulia kumi. Mkono kumi na nne, kulia kumi na nne. Alipitisha kidole chini ya kila mstari. Hakukuwa na mwandiko mbaya hata mmoja, wala tarakimu iliyofutwa, na mwisho wa kila mstari palikuwa na saini yake.

Kwa wagonjwa sita kati ya wale kumi na mmoja, Bingwa hakufika kulia. Akaenda chumba cha mafaili, akarudi na jawabu lingine: kati ya sita hao, wanne walikatwa tezi ya kushoto. Alikaa kitini. Miaka ishirini na miwili alikuwa amewarudishia watu vichupa kwa sababu ya lebo zilizopinda, na hizi zilizonyooka alizipokea kwa furaha. Aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayopasha uso moto hata ukiwa peke yako chumbani.

Mtu mwingine angeenda kwanza kwa Bingwa, au angemwandikia mkuu wa hospitali. Hayo aliyafanya baadaye. Asubuhi ile alifungua faili la juu, la mwanamke mpishi wa shule, akapiga namba iliyoandikwa humo.

"Naongea na mama mpishi? Mimi napiga kutoka maabara ya hospitali."

"Jamani, kliniki nilikuja!" sauti ilisema upesi, na nyuma yake vyombo vilikuwa vikigongana. "Na dawa nameza, naapa. Mwaka wa pili huu wananiambia presha haishuki kwa sababu simezi. Mume wangu sasa ananihesabia vidonge kila asubuhi, kama mtoto. Mwambieni daktari nameza."

"Mama, najua unameza."

Vyombo vikanyamaza.

"Unajua?"

"Najua. Kosa si lako. Ile siku ulipochukuliwa damu, upande wa kulia haukufikiwa. Majibu yalionyesha hivyo, na mimi ndiye niliyeyapima, na mimi ndiye niliyetia saini. Nakuomba uje turudie. Nitakuwepo mwenyewe."

Mpishi alisikika akifunga mlango. Alipozungumza hakuwa na hasira, na Mama Vichupa alitamani sana angekuwa nayo.

"Na ile ya kushoto mliyonitoa," aliuliza, "yenyewe ilikuwa na shida gani?"